Kugawa Kivuli

Anayepanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru au Machame kwa mara ya kwanza huuliza vijiji viko wapi. Ameacha nyuma mahindi na alizeti za tambarare, jua na vumbi. Barabara imeanza kupanda, hewa imepoa, na pande zote mbili haoni ila migomba, na juu ya migomba miti mikubwa. Kwa macho yake yuko msituni. Kumbe amekwishapita nyumba mia na zaidi. Kila kijia kinachochepuka barabarani, chenye masale huku na huku, kinaingia katika kihamba cha mtu, na ndani humo, nyuma ya majani, mna nyumba, zizi, makaburi ya wazee, na mwenyeji anayekusalimu kabla hujamwona.

Msitu huo umepandwa. Umepandwa mti kwa mti, shina kwa shina, na watu ambao hawakuandika hata mstari mmoja kuhusu walichokuwa wakikifanya. Unaufunika mlima Kilimanjaro upande wa kusini na mashariki, kuanzia kama mita 900 juu ya usawa wa bahari hadi karibu na mita 1,900. Mwaka 1984 watafiti watatu, Fernandes, Oktingati na Maghembe, walichapisha vipimo vyao: kihamba cha wastani kilikuwa na hekta 0.68, chini ya ekari mbili, na katika vihamba walivyovikagua walihesabu aina zaidi ya 100 za mimea. Mwaka 2006 Andreas Hemp, mtaalamu wa mimea aliyeutafiti mlima huu kwa miaka mingi, alitoa hesabu pana zaidi: aina zaidi ya 500 katika mkanda mzima wa vihamba, na zaidi ya 400 kati ya hizo hakuna aliyezipanda. Hizo 400 ndizo zinazonifurahisha mimi. Mkulima alipanda mahitaji yake, msitu ukaamini kwamba hapo ni kwao, ukaleta na vya kwake.

Mwaka 1978 Waaustralia wawili, Bill Mollison na David Holmgren, walitoa kitabu kilicholipa jina la pemakalcha wazo la kilimo cha kudumu kinachojifunza mpangilio wake kwa misitu. Huko Uingereza, katika vilima vya Shropshire, Robert Hart aligeuza bustani yake ya matunda kuwa msitu wa chakula na kuueleza kwa matabaka 7: miti mirefu, miti mifupi, vichaka, mboga na majani, mimea inayotambaa ardhini, ya mizizi, na inayoparamia. Nayasoma maandiko yao kwa furaha, maana yanampa heshima mkulima ambaye kwa miaka mingi aliambiwa na mabwana shamba kwamba kuchanganya mazao ni ushamba na kwamba shamba la kisasa hupandwa kwa mistari, zao moja moja. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliitambua Shimbwe Juu, katika Moshi Vijijini, kuwa miongoni mwa maeneo ya urithi wa kilimo duniani kwa sababu ya vihamba vyake. Na kutoka huko Australia tulikwishapokea kitu kingine zamani, mgrivea, mti ulionyooka ambao leo umesimama kwenye mipaka ya karibu kila kihamba.

Basi tuingie ndani. Ukisimama katikati ya kihamba na kuinua uso, juu kabisa utaona mruka, wenye majani madogo madogo yanayochuja jua bila kulizuia. Utaona mringaringa, na kama ni majira ya maua yake meupe utasikia nyuki kabla ya kuyaona. Utaona msesewe, ambao gamba lake huipa mbege uchungu wake, na mgrivea kule pembeni. Chini ya hiyo kuna miparachichi na miti ya kuni na malisho. Halafu migomba. Chini ya migomba, mibuni. Chini ya mibuni, maharage, mnafu na maboga. Magimbi yamewekwa kwenye unyevu kando ya mfereji, na kiazi kikuu kimepanda juu ya mti mkubwa kwa sababu mti huo utakuwepo mwaka huu, mwaka kesho na mwaka kesho kutwa, na hakuna haja ya kukitafutia mwega mwingine.

Orodha ya namna hiyo imo katika kila kijitabu, na humfanya msomaji adhani kwamba ukishayapanga matabaka kazi imekwisha. Hapo kazi haijaanza. Mimea yote hiyo inataka jua, na jua lenyewe ni lile lile moja. Jani linaloongezeka juu limemnyang'anya kitu aliye chini. Miruka ikiachwa ijiamulie, mibuni hurefuka na kukonda ikitafuta mwanga, huchanua haba, na ubichi usiokauka hadi adhuhuri hualika ugonjwa wa chulebuni. Ikikatwa yote, mibuni huzaa kupita nguvu zake msimu mmoja au miwili, kisha matawi yake hukauka kuanzia nchani, na udongo mweusi uliojengwa kwa miaka huanza kugeuka vumbi. Kati ya mambo hayo mawili kuna kiasi fulani cha kivuli, na kiasi hicho hubadilika kila mwezi kwa kuwa kila kitu kihambani kinakua. Kukijua kiasi hicho, na kukirudisha kila kinapopotea, ndio ufundi wenyewe. Mengine yote hufuata.

Bibi yangu hana kipimo cha mwanga. Ana kawaida yake. Saa sita mchana, siku isiyo na mawingu, huingia kati ya mibuni na kutembea polepole akitazama chini. Huko kwetu, karibu na ikweta, saa hizo jua liko utosini, na kila upenyo ulioko juu huchora baka la mwanga kwenye majani makavu chini. Bibi husoma mabaka hayo. Yakiwa makubwa na yameshikana, hunung'unika na kupita. Yakiwa madogo na machache, husimama, huinua uso, hukinga macho kwa kiganja, na kulitafuta tawi lenye kosa. Kijana akishakwea na panga lake, Bibi humwelekeza kwa fimbo.

"Lile. Hapana, siyo hilo la chini, lile linaloelekea kwa jirani."

"Na hili dogo, Bibi?"

"Liache. Hilo linawakinga hawa na jua la saa tisa."

Tawi likianguka, Bibi hatazami lilipoangukia. Anatazama lile baka, limepanuka kiasi gani, na limemfikia nani. Likimtosha anasema shuka, hata kama kijana ameona mengine matatu ya kukata. Majani ya tawi yanakwenda kwa mbuzi, vijiti vyake vinakwenda kusimamishia maharage, shina lake linakuwa kuni. Waswahili husema mchumia juani hulia kivulini. Bibi amechumia kivulini maisha yake yote na analia kivulini, ila kivuli chenyewe amekitolea jasho.

Kwamba kahawa inaishi vizuri chini ya mpango huu si bahati. Arabika asili yake ni chini ya miti, katika misitu ya kusini-magharibi mwa Ethiopia. Ni mmea uliozoea mwanga wa kugawiwa. Migomba ilikuwa imekwishatawala Uchagga, nchi yetu ya mlimani, mmisionari Johannes Rebmann alipofika mwaka 1848 na kuandika kwamba ameona theluji. Kahawa ilikuja mwishoni mwa karne hiyo mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki, na wazee wetu waliipokea kwa namna ambayo bado inanishangaza kila nikiifikiria: hawakuing'oa migomba ili wapande zao la fedha. Waliingiza zao la fedha chini ya chakula. Kufikia mwaka 1925 walikuwa na chama chao cha wakulima wa kahawa, na mwaka 1933 kikazaliwa chama cha ushirika cha KNCU, na fedha ya kahawa ikajenga shule na kulipa karo. Bei iliposhuka, na imeshuka mara nyingi, hakuna aliyelala njaa kwa sababu ya soko la London, kwa kuwa ndizi zilikuwa juu ya kahawa pale pale zilipokuwa siku zote.

Mgomba una hesabu yake, na kwangu hiyo ndiyo ngumu kuliko ya matawi. Kila mgomba huzaa mkungu mmoja tu na kufa, lakini shina lililoko ardhini haliishi kutoa machipukizi. Kazi ya mwenye kihamba ni kuliacha shina liwe na watu watatu: mama anayebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu anayechungulia. Wengine wote huondolewa. Mgeni akiambiwa achague wa kubaki, huchagua chipukizi refu lenye majani mapana ya kupendeza, na hilo ndilo la kukata. Limeshikana na mama yake juu juu tu. Limetoa majani mapana mapema kwa sababu halina chakula cha kutosha kutoka kwake. Chipukizi la kuacha ni lile linalotoka chini sana, nene shinani, majani yake membamba na yamesimama, sura yake kavu isiyovutia.

"Bibi, mbona umekata kubwa ukaacha dogo?"

"Kubwa gani, mjukuu wangu? Hilo limekimbilia juu kwa kuwa chini halina shughuli."

Kisha kuna suala la uelekeo, ambalo sijaliona likielezwa vya kutosha mahali popote. Mtoto huota pembeni mwa mama, mjukuu pembeni mwa mtoto, na kwa hiyo shina la mgomba husogea. Kila uchaguzi ni hatua moja. Ukichagua ovyo ovyo, baada ya miaka michache migomba miwili imekumbatiana, mmoja umekaa kijiani, mwingine umemfunika mbuni. Bibi huzunguka shina kabla hajagusa jembe. Hutazama limetoka wapi na linakokwenda, hutazama mashina ya jirani yanaelekea wapi, ndipo anamwacha mtoto aliye upande unaofaa, na kuwakata wengine chini kabisa kwenye kiungo. Anakanyaga udongo kwa kisigino kulizunguka chipukizi alilolichagua, anasogeza majani makavu, anaondoka. Migomba ya mshare iliyoko leo mbele ya nyumba haipo tena pale Babu alipoipanda. Imetembea mita kadhaa kuelekea mlimani, yote pamoja, kwa mpangilio mmoja, na hakuna siku mtu yeyote aliyeihamisha.

Mkungu ukishakatwa, mgomba wenyewe hukatwa vipande. Sehemu laini za ndani anapewa ng'ombe. Zilizobaki hupasuliwa kwa urefu na kutandazwa kuzunguka mibuni, upande wa ndani ukitazama jua, kwa sababu gogo la mgomba lisilopasuliwa ni maskani ya fukusi. Ndani ya wiki chache limekuwa udongo. Nimewahi kuchimba kwa mkono pale, chini ya matandazo, wakati wa kiangazi kikali ambapo tambarare yote ilikuwa imepasuka nyufa, na vidole vikatoka na ubichi na nyungunyungu. Na katika mshare ule ule kuna mtori wa mama aliyejifungua, kuna kiburu cha ndizi na maharage, kuna machalari ya sikukuu. Aina nyingine zikiiva huchemshwa na kuchanganywa na ulezi ziwe mbege. Sijui shamba jingine ambalo mtu anaweza kula kutwa, kunywa jioni, kulisha mfugo na kurutubisha ardhi kwa mmea mmoja.

Yote hayo yana mwendo tofauti. Mnafu ni wiki chache. Maharage ni miezi mitatu. Mgomba ni mwaka na nusu hivi, na kadiri unavyopanda juu kwenye baridi ndivyo unavyokawia. Mbuni hukaa miaka 3 au 4 kabla ya mavuno ya kwanza, kisha huzaa kwa miongo, na ukizeeka hukatwa chini ili maotea mapya yaanze upya kwenye mizizi ile ile. Mringaringa unataka miaka 20 na zaidi kabla mbao zake hazijawa mbao za kujivunia. Mwenye kihamba anaishi katika mwendo wote huo kwa mara moja. Mbao za jeneza la Babu zilitoka kwenye mringaringa alioupanda mwenyewe mwaka alipooa, na zilizosalia zikawa mlango wa jikoni ambao Bibi anaufungua kila asubuhi. Hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo la ajabu. Mti ulikuwa umepandwa kwa ajili ya matumizi.

Maji nayo hugawiwa. Mifongo, yaani mifereji ya kienyeji, huyachukua kutoka kwenye mabonde ya mito kule juu na kuyateremsha kwa kufuata kontua za mlima, kilomita baada ya kilomita, kwa mteremko mdogo kiasi kwamba jicho linaweza kukudanganya ukadhani maji yanapanda. Wazee waliichimba bila chombo cha kupimia zaidi ya maji yenyewe. Kila mfongo una watu wake, una kiongozi wake, una zamu. Siku ya kuzibua watu wote hutoka na majembe, na asiyetokea hulipa faini. Zamu yako ikiangukia alfajiri, unaamka alfajiri, unaziba mfereji mkuu kwa mabonge ya udongo na magamba ya mgomba, na kukimbia mbele ya maji ukiyafungulia njia kwa jembe. Wengi hudhani maji hayo ni theluji iliyoyeyuka. Barafu ya kilele cha Kibo, ambayo kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa karibu asilimia 85, inachangia kidogo sana. Maji ya mito yetu yanatoka kwenye mvua na ukungu vinavyokamatwa na mkanda wa msitu ulioko juu ya vihamba. Moto ukiula msitu ule, mfongo hukauka huku chini, na ndiyo maana wazee wa mifongo huulizia habari za moto wa mlimani kwanza kabla ya habari za mvua.

Lazima niseme jambo moja ambalo wapenzi wa misitu ya chakula hawapendi kulisikia: kihamba hakijitoshelezi. Kila gunia la kahawa na kila mkungu uliopelekwa soko la Mbuyuni ni rutuba iliyotoka nje ya uzio. Kitu fulani lazima kirudi, na kwa miaka yote kilichorudi ni majani. Ng'ombe wa Uchagga hufungwa ndani, hapelekwi malishoni. Analetewa magamba ya mgomba, mabingobingo ya kingoni mwa mfereji, na juu ya hayo nyasi na mabua kutoka tambarare, na samadi yake ndiyo inayowekwa shinani mwa migomba. Ndugu zetu wa Kagera wana utaratibu unaofanana: kibanja chao cha migomba na kahawa hutandikwa nyasi zilizokatwa kwenye rweya, yaani mbuga za nyasi. Kwa maneno mengine, msitu huu wa ekari mbili ulinenepa kwa kula ekari nyingine nyingi, na aliyezibeba ekari hizo ni mwanamke. Mzigo wa majani kichwani, kutoka tambarare hadi juu, saa kwa saa za kupanda mlima. Siku hizi wanaoweza huchangia pikapu. Lakini rutuba inayosifiwa na wageni kwenye vihamba vya kale ilifika pale kwa shingo za bibi zetu, na nataka hilo liwemo katika kila sifa inayotolewa.

Watu wa mjini, nami nikiwemo kwa sehemu kubwa ya mwaka, tunazungumza sana siku hizi kuhusu kurudi kwenye maumbile. Tunakwenda kuyatazama, tunapiga picha, tunarudi tumepumzika. Sina neno baya kwa hilo. Ila Bibi anayajua maumbile kwa namna nyingine, kwa kuwa anadaiana nayo. Siafu wakiingia nyumbani usiku, hawamwagii mafuta ya taa. Anawaamsha watoto, anawapeleka jikoni kuota moto, na kuwaacha siafu wapite, kwa sababu kesho yake hakutakuwa na mende wala panya hata mmoja. Hondohondo wakipiga kelele kwenye mti wenye matunda anajua parachichi za juu zimeanza kukomaa na hazina wiki nyingi. Kinyonga humwogopa, kama wanawake wengi wa rika lake, lakini hamuui. Nyuki wa mringaringa ni wake ingawa mzinga ni wa jirani, na jirani analijua hilo, na asali hupita uzioni kila mwaka bila kuombwa. Akitaka kumsamehe mtu, au kumwomba mtu msamaha, hukata jani la sale kwenye mpaka na kulipeleka. Mmea unaotenga ardhi ya huyu na ya yule ndio unaowapatanisha.

Si kila kitu kinasimama imara. Makubaliano ya kimataifa ya kahawa yalipovunjika mwaka 1989 bei ilianguka, na wako walioing'oa mibuni wakaweka mahindi na nyanya, mazao yanayotaka jua, na kwa ajili ya jua hilo miruka iliangushwa. Vihamba vimegawanywa kwa wana, na wana wa wana, hadi vingine vimekuwa viwanja vya nyumba tu. Ardhi unaweza kuipima kwa kamba ukaigawa mara nne. Kivuli hakikubali kugawanywa hivyo. Mruka ulioko kwa kaka mkubwa unakinga mibuni ya kaka mdogo. Siku kaka mkubwa akitaka mbao za nyumba yake, mibuni ya mwenzake inaungua, na ugomvi unaofuata huitwa ugomvi wa mpaka ingawa mpaka haukuguswa. Nimeona ndugu wakiendeleza kihamba kimoja baada ya kukigawa, kwa makubaliano kwamba mti mkubwa haukatwi bila wote kuitana. Hao ndio ambao kahawa yao bado ni ya kutazamwa. Nimeona pia mashina ya migomba yenye machipukizi kumi na mawili, yamesongamana, mikungu myembamba, na mzee mmoja peke yake mlangoni akisubiri Desemba ili watoto warudi.

Kwetu tumefika hapo. Kwa mila, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa kihamba chake na kitinda mimba hubaki na cha wazazi. Kitinda mimba wa Bibi ni baba yangu mdogo, mtu mwema, mwenye kazi yake na nyumba yake Mwanza. Anayekata majani ya ng'ombe, anayekimbia mbele ya maji alfajiri, anayetembea na Bibi saa sita mchana na ambaye sasa hulionyesha tawi kabla fimbo ya Bibi haijainuka, ni dada yangu, binti wa baba mkubwa. Kwa mila yeye hana kitu pale. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, na fomu za hati ya hakimiliki ya kimila zinapatikana katika ofisi ya kijiji. Kikao cha ukoo ni mwezi Desemba, watu wakisharudi kwa Krismasi. Nimekwisha kuzungumza na baba mdogo kwa simu. Nimemwomba jina la dada liandikwe kwenye hati pamoja na lake, na lifanyike kabla ya masika, kwa sababu mringaringa ulioko nyuma ya zizi umekomaa na miruka miwili ya upande wa mfereji imefunga mno, na anayeijua kazi hiyo kwa sasa haruhusiwi kuagiza tawi lolote likatwe Bibi akiwa amelala.